Pua Yangu na Bidoni ya Mama Daudi

Wiki iliyopita binti yangu mdogo alirudi kutoka shule na mkate wake mzima, haujaumwa hata mara moja. Akauweka mezani mbele yangu kwa heshima zote, kama askari anayeleta ushahidi.

"Mama, huu mukate unanuka ndagala. Banasema nimekuja na ziwa ndani ya sakoshi."

Nikakichukua kile kiboksi cha plastiki alichoubebea. Kilianza maisha kikiwa cha majarini. Kisha, kwa uvivu wangu, kikalala na mchuzi wa ndagala, hao dagaa wetu wa ziwani, siku mbili. Nikakisugua kwa sabuni mara moja, nikajidanganya kwamba kimepona. Sasa nikakifungua karibu na uso, nikakiminya kidogo ubavuni ili kitoe pumzi, na harufu ikanijia. Na mimi hapa, mtu mzima mwenye miwani na watoto watatu, nikawa kama mtoto aliyesema uongo na anasubiri kuitwa.

"Tupa hiyo, tununue ingine," mume wangu akasema. Yeye ni mtu wa kutoka na kutupa. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, na mtu wa kukaa nyumbani hatupi chombo mpaka wameshindana. Nikaenda jikoni kuchota majivu.

Waliokulia mwambao huu wa Ziwa Tanganyika pamoja nami wanajua kwamba hakuna chombo cha plastiki kilichoishi mara moja tu. Bidoni ya njano, lile dumu la kila nyumba, ilikuja na mawese kutoka Minago, ikageuka ya maji, ikageuka ya urwarwa, pombe ya ndizi, kwa wale wanaokunywa, na ikizeeka ikakatwa kuwa kopo la kutolea maji mtumbwini. Ndoo nyeupe zilizokuja na mayoneze kwenye mahoteli ya barabarani zilikwenda kuweka unga, maziwa, hata nguo za mtoto mchanga. Lakini kabla chombo hakijaanza kazi mpya, lazima awepo mtu wa kukisahaulisha kazi ya zamani. Mtaani kwetu Rumonge mtu huyo alikuwa mama yangu, Mama Zuhura. Zuhura ni dada yangu mkubwa. Mimi jina langu halikupewa nafasi.

Mama alinunua vyombo vinavyonuka, akavitoa harufu, akaviuza. Baba alishinda Minago kwenye mashine ya kukamulia chikichi, akarudi Jumamosi akinuka kama bidoni ambayo zamu yake ya kuoshwa bado haijafika.

Ilikuwa kazi yenye sheria. Bidoni ya mawese haikuguswa na maji siku ya kwanza. Iligeuzwa kichwa chini juani, yale mafuta yaliyoganda yalegee na kudondoka yenyewe. "Ukitia maji kwanza, umeyafukuza ndani," Mama alisema, "utayatafuta mpaka uolewe." Kisha yakaja maji ya moto, lakini si ya kuchemka, maana plastiki ikiungua hukunja uso na haikunjuki tena. Ndani ya maji hayo alitia majivu ya mikungu mitupu ya chikichi, ambayo hukata mafuta kuliko sabuni yoyote ya dukani. Kisha changarawe za ziwani, konzi mbili, bidoni ikafungwa, na Zuhura akaitikisa kule kule ziwani mpaka mikono ife. Ndoo za ndagala, zile za wanawake wa Gitaza, zilipata ndimu pamoja na majani yake. Vifuniko vililowekwa peke yao kwenye beseni, kwa sababu Mama aliamini harufu hujificha kwenye kifuniko kama kunguni kwenye mshono. Mwisho kila chombo kilitiwa kipande cha mkaa baridi, kikafungwa siku mbili.

Baada ya mkaa, nilikuja mimi.

Mama hakuweza kunusa kazi yake mwenyewe. Hakuwa mgonjwa. Ukikaa na mawese miaka mingi, pua inazoea, inaacha kukupa habari. "Pua yangu imekuwa kiziwi," alikuwa akisema. Ya Zuhura nayo ilikuwa imeanza kuziba masikio. Mimi nilizaliwa na pua ambayo, kusema kweli, ilifika duniani kabla yangu. Mtaa mzima uliniita Mazuru, ambalo ni neno la Kirundi la pua hiyo hiyo. Hata mwalimu aliniita hivyo siku akisahau daftari la majina.

Nilikalishwa kwenye kigoda mbali na bidoni, karibu na mlango, nimenawa uso. Mama alileta chombo, akakifungua, akakiminya ubavu mara moja ili pumzi yake inijie usoni.

"Inasema nini?"

"Inasema mawese."

"Mengi?"

"Kidogo. Na chini yake kuna kitunguu."

Hapo Zuhura aliguna, maana kitunguu kilikuwa na maana ya kurudi ziwani na changarawe. Lakini chombo kikiwa kimepona, nilifumba macho, nikavuta pumzi ndefu kuliko ilivyohitajika, nikasema: "Imenyamaza." Hilo ndilo lilikuwa neno letu. Hakuna mfalme aliyewahi kukaa kwenye kiti chake kwa raha kama mimi kwenye kile kigoda.

Ile habari ya harufu chini ya harufu ndiyo iliyokuwa muhimu. Bidoni inaweza kuja inanuka mawese tu, lakini kabla ya mawese ilibeba kitu kingine, na kitu hicho hutoa kichwa pale tu mawese yanapoondoka. Kikiwa chakula, tulirudia kazi. Ikiwa esansi, ile petroli ya motere za mitumbwi, basi hakukuwa na dawa. Harufu ya chakula hutoka, ya esansi haitoki. Bidoni ya esansi Mama aliikata mara moja kwa kisu, mtu asije akaiokota na kuitia maji.

Hata bidoni iliyonyamaza haikuuzwa siku hiyo. Mama aliijaza maji, akaiacha ilale hadi kesho yake. Mimi nilijua sababu: alikuwa anaangalia kama inavuja. Na asubuhi, kabla ya kuyamwaga yale maji, alimimina kikombe kimoja akakinywa amesimama, akitazama ziwani. Nilijua sababu ya hiyo pia: mama yangu alikuwa mtu wa kuamka na kiu. Utotoni nilikuwa na majibu ya kila kitu.

Sasa lazima niseme kwa nini nilikipenda kigoda, na hapa sitajisifu. Niliogopa ziwa. Mtoto wa Rumonge anayeogopa ziwa ni kama mtoto wa mwokaji anayeogopa mkate, lakini ndivyo nilivyokuwa. Pale Zuhura alipokuwa akitikisa bidoni, kwenye matete, kiboko aliwahi kuinua kichwa, akamtazama, akapiga mwayo, akazama. Zuhura alikimbia hadi nyumbani akicheka. Mimi, niliyekuwa kwenye kigoda na sikuona kitu, nilipata homa.

"Kiboko hapendi watu wa kawaida," Zuhura alinieleza siku hiyo, akikamua maji nguo yake. "Mimi ameniangalia tu akaona hamna pa kushikia. Wewe Mazuru atakushikia hapo katikati ya uso, yuuup, mpaka Congo."

"Mama, ona Zuhura!"

"Muache mudogo wako," Mama alisema. "Pua yake inatulisha."

Nikaapa moyoni kwamba pua yangu itatulisha mpaka nizeeke, na miguu yangu haitayajua yale matete.

Ndipo nikapata mafua.

Wiki hiyo hiyo Mama Daudi, jirani yetu wa mlango wa pili, alikuja kuagiza bidoni ndogo nyeupe, ya lita tano. Yeye na watu wake walikuwa wamerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, na Kiswahili chake kilinyooka kama cha mtu anayesoma redioni. Watoto tulimfuata nyuma tukimwigiza. Daudi, mwanawe, alikuwa na miezi kama saba, mnene, hana jino hata moja, na alimchekea kila mtu bila ubaguzi.

"Amahoro, Mama Zuhura. Nataka ya kuwekea maji ya mtoto, yale ya kuchemsha," alisema. "Wewe ndiye ninayekuamini, jamani. Ya sokoni siyataki."

"Ego, ya mutoto," Mama akajibu. "Utaipata, lakini usiniharakishe."

Bidoni aliyoiandaa ilikuwa nyeupe, na kifuniko chekundu chenye alama za meno, mtu fulani aliwahi kukifungua kwa mdomo. Iliingia na mawese. Ilipita juani, kwenye majivu, ziwani, kwenye mkaa. Ilipofika zamu yangu, pua yangu ilikuwa ukuta. Tangu alfajiri nilikuwa nikipenga kisirisiri nyuma ya choo, kwa sababu nilijua hesabu ilivyo: mtoto asiye na pua siku hiyo ni mikono mitupu, na mikono mitupu inakwenda ziwani na Zuhura.

Mama akaiminya.

"Inasema nini?"

Nikavuta pumzi. Hamna. Ni kama kugonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

"Imenyamaza."

"Nusa tena. Hii ni ya mutoto."

Nikanusa tena, kwa kelele, ili ionekane kazi inafanyika.

"Imenyamaza, Mama."

"Kabisa?"

"Kabisa kabisa."

Akaniangalia kidogo, muda wa kutosha kumhesabu mtu meno. Kisha akasema "sawa," akaenda kuijaza maji. Kesho yake nikiwa nimejifunika gubi gubi kitandani nilimwona kupitia mlangoni akitoka na bidoni nyeupe mkononi kuelekea kwa Mama Daudi. Nikageukia ukutani, nikalala usingizi mtamu. Nauandika huo utamu hapa kwa sababu sikuupata tena kwa siku nyingi.

Pua ilifunguka siku ya tatu, ghafla, kama sikio linavyofunguka ukitoka majini. Nilikuwa nimeinama kwenye beseni la vifuniko nikichezea maji. Mkononi mwangu kikaja kile kifuniko chekundu chenye meno. Nikakinusa kwa mazoea tu, bila kazi. Juu kulikuwa na ndimu. Chini ya ndimu, mawese, kwa mbali. Na chini ya mawese, imekaa kimya inaningoja, esansi.

Sijui kama mmewahi kuogopa mpaka vidole vya miguu vikapoa kwenye jua la mchana. Nilikaa pale. Nikaanza kufikiri, na kufikiri kwangu ndiko kulikoniponza. Kifuniko kimebaki, kwa hiyo Mama alibadilisha kifuniko. Bidoni imekwenda. Bidoni ina esansi. Maji ya Daudi yako ndani ya bidoni. Kwa hiyo esansi iko ndani ya Daudi.

Na esansi niliijua. Zuhura alishanieleza kwamba esansi haingoji moto iguswe nao. Inauita kutoka mbali, moto unakuja wenyewe kupitia hewani. Ndiyo maana wavuvi hawavuti sigara karibu na motere. Basi nikamwona Daudi, mnene hivyo, amejaa esansi mpaka shingoni, ameketi kwenye mkeka hatua tatu kutoka kwenye mbabula ya mama yake yenye makaa mekundu, anacheka.

Nikaondoka mbio. Mimi, mtoto ambaye ukimtuma chumvi dukani anaumwa mguu.

Nilimkuta Daudi mzima, ananyonya kidole. Nikamnyanyua mkekani, nikampeleka mbali na mbabula hadi ukutani. Nikaweka pua yangu mdomoni kwake. Maziwa tu, na usingizi. Lakini niliikumbuka kanuni: ya chini hutoka mwisho.

"Jamani, tazameni!" Mama Daudi akacheka mpaka akashika mbavu. "Mazuru leo ananusa mtoto! Vipi, ameiva?"

"Namubeba tu, Mama Daudi."

"Mbebe, mwanangu. Mimi nipike kwa raha."

Nikambeba mpaka mikono ikanitetemeka. Bidoni yenyewe sikuweza kuinusa. Ilikaa chumbani juu ya sanduku, na chumbani kwa watu mtoto haingii. Upepo ulipocheza na pazia niliona bega lake jeupe na kifuniko cha buluu. Ndiyo, nikajiambia, kifuniko kimebadilishwa. Kila jambo lilikubaliana na hofu yangu.

Nilikwenda siku ile, na kesho yake, na kesho kutwa yake. Nilikaa kati ya Daudi na makaa kama ukuta. Mama Daudi alipochota maji ya kumpa, nilitafuta maneno.

"Mupe maziwa, Mama Daudi. Maji si mazuri kwa watoto."

"Nani kasema?"

"Tumesoma kwenye darasa."

"Tangu lini mmeanza udaktari mwaka wa pili?" Akampa. Daudi akanywa, akanitazama, akacheka. Mimi nikatazama mbabula.

Kumwambia sikuweza. Ningesema nini? Kwamba nilidanganya? Angemwambia kila mtu, na nani tena angenunua bidoni kwa Mama Zuhura? Nilikuwa na akili ya kutosha kuelewa kwamba neno langu moja lingeweza kuifunga kazi ya Mama. Sikuwa na akili ya kutosha kujua la kufanya na ujuzi huo.

Nyumbani nilipita kama mgeni. Nakumbuka siku moja ya hizo, Mama alikuwa amelala kwenye mkeka mchana, jambo ambalo si la kawaida yake. Bugali lake lilikuwa limefunikwa na halijaguswa. Alikuwa anafyonza ndimu, mkono mmoja juu ya tumbo.

"Mazuru," Zuhura akaniita, "muletee Mama maji kwenye kikombe, mi niko na majivu mikononi."

"Niko na haraka!" nikasema, na nilikuwa nimeshafika mlangoni.

"Haraka ya wapi? Umepata bwana?"

"Muache aende," Mama akasema kwa sauti ndogo. "Ni tumbo tu."

Nikaenda. Nilikuwa na mtoto wa watu wa kuokoa.

Siku ya nne asubuhi nilimkuta Mama Daudi amesimama nje, Daudi mgongoni, kitenge amekifunga vibaya, anasimamisha pikipiki. Daudi hakuwa anacheka. Alikuwa analia kilio kikavu, macho nusu. Nikanyoosha mkono, nikagusa paji la uso wake. Lilikuwa linaunguza.

Basi, nikajua. Imeanza, kutoka ndani.

"Nampeleka hospitali, mwambie mama yako," Mama Daudi akasema, na sauti yake ya redioni ilikuwa imekatika vipande vipande. Pikipiki ikaondoka. Nikasimama barabarani nikisubiri kuona moshi.

Nilirudi nyumbani nikitembea. Kukimbia kulikuwa kumeisha. Mama alikuwa uani, kwenye kigoda changu, anachambua mkaa. Nilisimama mbele yake, mikono ubavuni, kama anayesoma shairi shuleni.

"Mama, nimemuua Daudi."

Hakuinuka. "Daudi gani?"

"Wa Mama Daudi. Wamemupeleka ku hopitali. Anawaka ndani. Bidoni yake inasema esansi. Nilikuwa na mafua, Mama. Sikusikia kitu. Nikasema imenyamaza."

Na hapo ndipo machozi yalipokuja, na mafua yale yale, na kila kitu kwa pamoja kupitia ile pua iliyokuwa inatulisha.

Mama aliniacha nilie kidogo. Kisha akainuka polepole, akishika goti, akasema: "Njoo."

Nyuma ya jiko kulikuwa na bidoni nyeupe iliyokatwa katikati. Nusu ya chini ilikuwa na udongo na vitunguu vilivyopandwa juzi juzi. Nusu ya juu ilikuwa imeegemea ukuta, shingo chini, haina kifuniko. Akaniokotea.

"Nusa."

Nikanusa. Esansi, wazi kabisa.

"Bidoni ya kifuniko chekundu ndiyo hii. Mama Daudi nilimupa ingine, ile niliyoinywa wiki iliyopita. Mutoto iko na malaria, kama watoto wote wa huku. Watamupa dawa, atarudi kunichafulia kitenge."

Sikuelewa. Nilishika ile nusu bidoni kama mtu aliyeshika kichwa cha mnyama asiyemjua.

"Ulijuaje, Mama? Pua yako ni kiziwi."

"Pua haijui. Ulimi unajua." Akaifuta midomo yake kwa nyuma ya mkono, kama bado ladha iko pale. "Nilikunywa."

"Ulikunywa nini?"

"Si maji yaliyolala? Kila bidoni nakunywa. Unazani yale maji nalaza ya nini?"

"Kuangalia kama inavuja."

Akacheka, na cheko lile lilimuumiza tumbo, kwa sababu alijikunja kidogo. "Bidoni ikivuja utaiona na macho, mujinga we. Nilikunywa kikombe changu asubuhi, nikasikia inaniwasha koo, basi. Nimecheuka esansi siku nne. Zuhura alinikataza kukaa karibu na mbabula, eti nitawaka."

Zuhura, aliyekuwa amefika na kusimama nyuma yetu, alisema: "Na angewaka. Mi nilikuwa nimeweka ndoo ya maji tayari."

Wao wawili wakacheka. Mimi nilikuwa natazama ule mkeka, ulioanikwa kwenye kamba. Ndimu. Bugali lililofunikwa. Kikombe cha maji nilichokataa kuleta. Siku nne nilikuwa nimelinda mtoto mzima wa jirani, nikamruka mgonjwa wangu mlangoni kila nilipotoka.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikungoja wewe useme. Nilikuona kwenye kigoda unapumua kwa mudomo kama samaki. Nikasema, huyu atasema kesho. Kesho ikapita, nikaona unakimbilia kwa Mama Daudi, nikazani umependa mutoto."

"Na kama ingekuwa dawa? Ile ya kupulizia nyanya?"

Hapo Mama akaacha kucheka. Akaichukua ile nusu bidoni mikononi mwangu, akairudisha ukutani, akaiweka sawa kama kitu cha thamani.

"Ndiyo maana nakunywa mimi," akasema. "Mutoto wa mutu hawezi kufa na bidoni yangu. Na wewe, pua ikiziba, sema imeziba. Basi. Hakuna atakayekupiga."

Mngetegemea kwamba hofu yangu iliisha pale. Daudi alirudi baada ya siku chache, mwembamba kidogo, akamchekea kila mtu upya. Lakini hofu ya kweli ilikuwa inaanza. Nilikaa kwenye kigoda changu nikajaribu kuzikumbuka bidoni zote nilizopata kuzisemea. Zile nilizozinusa nikiwa na usingizi. Zile nilizozinusa huku nikitazama watoto wakicheza barabarani. Zile ambazo nilisema "imenyamaza" haraka kwa sababu wali ulikuwa umeiva. Sikuweza kukumbuka hata moja kwa uhakika. Kila neno nililolitupa, mama yangu alikuwa ameliokota asubuhi, akalimimina kwenye kikombe, akalinywa akitazama ziwani. Aliniamini kiasi hicho. Au hakuniamini, ndiyo maana alikunywa. Mpaka leo sijui ni lipi linatisha zaidi.

Kesho yake nilikwenda ziwani kwa miguu yangu mwenyewe, kutikisa bidoni na Zuhura. Msifikiri ni ushujaa. Nilitikisa nimefumba macho, na povu lilipotoka karibu na mguu wangu nilipiga kelele iliyosikika, Zuhura anasema, hadi Uvira kule Congo. Kiboko hakuja. Labda alisikia pua yangu iko kazini akaona aibu. Tangu siku hiyo nikipata mafua nilitangaza mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, mpaka watu wakamwomba Mama aninyamazishe.

Nilimwomba nami ninywe, angalau nusu kikombe, tugawane. Alikataa mpaka mwisho. "Wewe kazi yako ni pua," alisema. Sasa hayupo. Alipougua mwishoni ulikuwa moyo, daktari alisema hivyo. Nilimuuliza kama hakuna kitu tumboni, kitu cha zamani. Akasema hapana. Nilimuuliza mara tatu, na mara ya tatu alijibu kwa hasira, na nilimshukuru kwa hasira yake.

Kile kiboksi cha majarini nilikipeleka juani. Nikakipitisha kwenye majivu, kisha ndimu na majani yake, kisha mkaa siku mbili. Nikamwita binti yangu, nikamkalisha mlangoni, nikakiminya mbele ya uso wake, ambao, maskini, umerithi mahali pale pale.

"Kinasema nini?"

"Ee Mama, kiboksi kitasema nini?"

"Nusa."

Akanusa, akakunja uso, akafikiri. "Hamna kitu. Kimenyamaza tu."

Nikamuuliza kama ana mafua. Hana. Nikakijaza maji, nikakiacha juu ya meza.

Asubuhi alinikuta jikoni nimesimama na kikombe, nakitazama. Sakoshi ilikuwa tayari mgongoni, mkate mkononi, anasubiri kiboksi chake.

"Mama," akasema, "uko na kiu?"

"Ndiyo," nikamwambia, nikanywa chote.